Kitufe cha Pembeni

Jumatano, 3 Septemba

Simu imejizima tena. Mara ya kwanza nikiwa nachagua mchele. Mara ya pili nilikuwa sijaigusa kabisa, imelala zake juu ya friji. Chaji ilikuwa zaidi ya nusu. Ikajizima, ikajiwasha, ikaonyesha nembo yake, ikazima tena kabla sijasoma hata saa. Nikaichomeka. Nikaichomoa. Nikaipiga kofi mgongoni. Hakuna.

Mdogo wangu Rukia, aliyehamia hapa tangu msiba ili nisikae eda peke yangu, ana dawa ya kila kitu. Leo dawa yake ilikuwa kuitia simu ndani ya friji ipoe. Nimemkatalia. Simu si mtindi.

Nguo nyeupe zimeanza kuchakaa kwa kufuliwa. Nafua, naanika uani, navaa. Sitoki. Miezi minne na siku kumi ya mjane, na nimeamua kutohesabu, kwa sababu nikihesabu haziendi. Watu wa Gede wapita barabarani na mambo yao, nawasikia tu. Kuna mama mmoja huuza maandazi, sauti yake naijua sasa kuliko uso wake.

Ijumaa, 5 Septemba

Mwanangu Saumu alipiga baada ya swala ya Ijumaa. Ndiyo siku ambayo madamu anayemfanyia kazi za ndani, huko Saudia, huenda kwa mamake, naye hubaki na nyumba na vyombo. Nilizima kamera kabla ya kupokea, kama kawaida yangu. Akiniona katika nguo hizi ataelewa papo hapo.

Maana hajui kwamba babake amekufa.

Naiandika kwa sababu kuiandika ni afadhali kuliko kuisema. Baba Saumu tumemzika Julai, na mtoto wake wa pekee hajui. Siku ile ya mazishi shemeji yangu Bakari, kaka mkubwa wa marehemu, alisimama mlangoni akatoa amri. Mtoto asiambiwe mpaka amalize mkataba. Atavurugika, alisema. Atataka kurudi, hawatamwachia, atatoroka, atafungwa nchi za watu na sisi tukiwa hapa hatuna la kufanya. Wazee wakaitikia. Nami nikaitikia, kichwa kikiwa hakipo. Kundi la familia kwenye simu likaachwa, likafunguliwa jingine asimokuwemo yeye. Aliponiuliza mbona kundi limekufa, nilimwambia watu wana kazi.

Leo akasema, "Nipe Baba nimsalimu." Nikamwambia amekwenda Tezo, shamba. Wiki iliyopita alikuwa msikitini. Kabla ya hapo alikuwa amelala. "Haya, mwambie namsalimu sana." Nikamwambia yeye pia akusalimu, na kila akiswali akuombea dua. Maneno yalitoka laini, kama ya mtu mkweli. Kisha mtoto akauliza, "Mamangu, mbona siku hizi hata sauti yake siisikii?"

Nikabonyeza kitufe cha pembeni, nikakishikilia mpaka simu ikafa mkononi. Ndivyo nifanyavyo akinibana. Baadaye humwandikia kwamba betri iliisha.

Naswali, nakunja msala, nadanganya. Najichukia.

Jumapili, 7 Septemba

Tangu Julai nimekuwa nikisema simu mbovu. Sasa ni mbovu kweli. Sijui nicheke au nilie.

Jana Saumu alituma ujumbe wa sauti kwa babake. Nilipoubonyeza ili niusikilize, simu ikazima katikati. Ikawaka. Nikabonyeza tena, ikazima palepale. Nilichosikia ni "Baba, Assalaam alaikum, ni mimi," basi. Nimeusikia mwanzo huo mara nyingi mno. Mwisho wake sijaufikia.

Tumejaribu. Rukia amefuta video za mapishi, mawaidha, picha za maua za kutakiana asubuhi njema, takataka zote ambazo watu hutumiana. Nimemkataza kugusa picha za marehemu. Simu ikapata pumzi kidogo, kisha ikarudi kulekule. Jirani akashauri tuiache imalize chaji yote kabisa, ndipo ijazwe bila kuguswa. Tukafanya. Ikajaa vizuri, mia kwa mia. Nikaishika, ikazima.

Nimevua kava. Mgongo wa simu umeinuka katikati. Ukiilaza mezani na kuisukuma kwa kidole yazunguka kama pia ya mtoto. Rukia akasema betri imevimba na yaweza kulipuka. Tangu hapo ameilaza juu ya sahani ya bati, mbali na pazia.

Simu hii Baba Saumu aliinunua Malindi, ikiwa imeshatumika na mtu mwingine, wiki ile mtoto aliposafiri. Alitaka amwone uso. Hakujua kuitumia. Aliishika mbali kama anayejitazama kwenye kioo cha kinyozi, na alipiga kelele kana kwamba Saudia ni ng'ambo ya barabara. Majirani wote walijua Saumu amekula nini.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepatikana.

Saumu ameandika. Mwenzake mmoja, mtu wa Watamu, aja likizo mwisho wa mwezi huu. Atampa simu mpya. Msichana huyo ataileta mwenyewe mpaka nyumbani, atanifundisha kuitumia, na atampigia Saumu kwa video mbele yangu wahakikishe yafanya kazi. "Nataka niwaone nyote wawili," ameandika.

Nyote wawili.

Chai ikanimwagikia kwenye msala. Msichana wa watu ataingia humu, atanikuta na nyeupe, na atauliza Mzee yuko wapi. Nitamwambia nini? Nimfungie mlango mtu aliyeniletea zawadi ya mwanangu?

Alasiri Bakari alipita. Yeye hukaa nje barazani, mimi ndani nyuma ya pazia, tunazungumza hivyo kwa heshima ya eda. Nikamweleza. Akakohoa, akasema, "Shemeji, jambo jepesi hilo. Itengenezwe hii ya zamani. Mwambie imepona, mpya ya nini." Jambo jepesi. Kwake kila kitu ni chepesi kwa sababu si yeye anayeulizwa. Hajawahi kupokea simu ya Saumu hata moja. Akiona jina lake huiacha iite.

Nikasema haya, itengenezwe.

Alhamisi, 11 Septemba

Rukia ameipeleka kwa Karisa, fundi wa simu pale steji. Kibanda chake kimepakana na duka la baiskeli la marehemu, lililofungwa tangu siku ile. Karisa ni kijana mwenye adabu. Alikuwa akiazima koleo kwa Baba Saumu karibu kila siku, na siku ya mazishi alibeba jeneza bila kuambiwa. Amesema betri ya aina hii haipo Gede, ataiagiza Malindi, turudi Jumamosi. Rukia ameiacha na laini yake ndani, kwa vile Karisa atataka kuijaribu.

Nyumba imekuwa kimya. Juu ya ile sahani ya bati hamna kitu. Naona aibu kuandika hivi, lakini nimefurahi. Leo sina wa kumdanganya.

Ijumaa, 12 Septemba

Ijumaa ya kwanza bila simu. Saumu akipiga ataikuta imezimwa, atajua ni yaleyale ya betri. Nilikula wali na samaki wa kupaka, nikamaliza sahani. Rukia alinitazama kama anayemwona mgeni. Kisha nikalala mchana, usingizi mzito, mpaka adhana ya alasiri.

Jumamosi, 13 Septemba

Imerudi. Mgongo umekaa sawa. Kioo kimefutwa kikang'aa. Tumeiacha inasoma Kurani tangu adhuhuri na haijazima hata mara moja. Chaji yashuka polepole, kama simu za watu.

Rukia alirudi na maelezo ya fundi, akayatoa kwa madaha yake yote, mkono kiunoni. Betri ilikuwa imekwisha, hilo ni kweli. Lakini kujizima hakukuwa kwa betri peke yake. Kitufe cha pembeni kilikuwa kimezama ndani na kunasa. Kikinasa, simu yaona imeambiwa izime, nayo yatii. Karisa amekitoa, akatia kingine. "Ati amesema, kitufe hiki kimebonyezwa mpaka kimekata tamaa. Mamake Saumu ana ugomvi na nani?"

Rukia akacheka sana. Mimi nikaenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Ni kidole changu. Kila Ijumaa, kila swali nililolikimbia. Simu nimeiua mwenyewe kisha nikawa nalalamika yafa.

Nimemwandikia Saumu. Simu imepona, mwanangu, hii yatosha, mwenzio asijisumbue kuja. Baba akusalimu. Nimeutuma kabla sijafikiri. Mkono umeshazoea.

Jumanne, 16 Septemba

Hajajibu. Ujumbe ameusoma, hilo naliona. Ameusoma Jumamosi ileile.

Nimetuma mwingine. Ameusoma. Kimya.

Si tabia yake. Saumu hata akiwa na homa huandika hata neno moja. Huenda madamu amemnyang'anya simu. Lakini basi asomaye ni nani?

Simu nzima, chaji tele, na haina kazi.

Ijumaa, 19 Septemba

Baada ya swala nikaketi nayo mapajani. Nilikuwa nimeandaa jino. Baba ana jino bovu, shavu limevimba, hawezi kusema. Nilijisifu kwa uwongo huu, nikaona utanifikisha mwisho wa mwezi.

Hakupiga.

Alasiri hakupiga. Magharibi hakupiga. Nikaibonyeza kuona kama imezima. Haijazima. Nikamwambia Rukia anipigie kwa simu yake nione kama yaita. Ikaita, kwa sauti ile ya kuchekesha aliyoichagua marehemu. Sote wawili tukaitazama inavyoita.

Nina hofu. Tumesikia ya wasichana huko. Hurudishwa ndani ya masanduku na barua isiyoeleza kitu. Nikamtumia Bakari salamu aulizie kwa wakala aliyempeleka. Akajibu kuwa ni mtandao. Mtandao gani unaoruhusu kusoma na kukataza kujibu?

Sikula.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimejua.

Asubuhi Rukia alipita steji kununua kava mpya. Karisa akamuuliza, kwa nia njema kabisa, kama yule binti alimpata mamake. Binti gani? Yule wa Saudia, akasema, alipiga Ijumaa ile nilipokuwa najaribu simu.

Rukia alirudi mbio, buibui limejaa vumbi. Alisimama katikati ya chumba akanisimulia, na mara hii hakuweka mkono kiunoni.

Betri mpya ilifika kutoka Malindi siku hiyohiyo ya Ijumaa. Karisa akaitia, akaiwasha simu ili aone kama itahimili. Ikaita. Akaona ni namba ya nje, yaita kwa video, akadhani si vizuri kumwacha mtu wa mbali aite bure. Akapokea. Saumu akamwona kijana asiyemjua, maana kibanda kilifunguliwa yeye ameshasafiri, akashtuka, akauliza mamake yuko wapi na kwa nini ana simu yake. Karisa akamtoa wasiwasi. Mimi ni fundi, dada, simu iko kwangu yatengenezwa. Mama hawezi kuja mwenyewe, yuko eda. Halafu, kama alivyolelewa, akampa pole. "Poleni sana na msiba wa Mzee. Alikuwa mtu wetu hapa steji. Mungu amrehemu."

Picha ikasimama. Karisa akadhani ni mtandao, akasubiri, kisha simu ikakatika. Akaendelea na kazi yake.

Nimejaribu kumkasirikia Karisa, sikuweza. Alikosea nini? Mtu akipiga kwenye nyumba ya msiba, pole ndiyo ya kwanza. Angenyamaza ndipo angekuwa hana adabu. Ningekuwa mimi, na simu ni ya mjane mwingine, ningesema maneno hayohayo. Bakari aliwaonya ndugu wote, wa Gede, wa Malindi, mpaka wale wa Rabai ambao hatuonani nao ila kwa harusi na maiti. Hakuna aliyekumbuka fundi.

Kwa hiyo Jumamosi ile, nilipomwandikia kwamba Baba akusalimu, alikuwa anajua. Alikaa na maneno hayo mkononi, peke yake, katika nyumba ya watu. Na siku alipoambiwa, mimi nilikuwa nimeshiba samaki.

Jioni Bakari akaja barazani. Rukia alikwisha kumwambia. Rukia akamwekea kikombe cha chai, naye akaanza. Bado laweza kufunikwa, Shemeji. Tumwambie fundi amechanganya watu, mzee aliyekufa ni jirani, na eda ni ya mke wa jirani. Tuseme kijana hajui nani wa nyumba ipi. Yeye mwenyewe yuko tayari kumpigia mtoto na kuapa.

Nikamwambia, "Shemeji, basi."

Akasema nisikilize kwanza. Nikasema basi, tena kwa sauti ambayo tangu niolewe katika ukoo huu sijawahi kumtolea. Nikamwambia kama ataapa, akaape mbele ya kaburi la nduguye, na akimaliza ampigie Saumu kutoka hukohuko. Nikasikia viatu vyake vyaburuzika kwenye ngazi, vikaondoka. Kikombe chake amekiacha kimejaa.

Nikapiga. Haikupokelewa. Nikapiga tena. Nikarekodi sauti, nikaifuta, kwa kuwa ilianza na visingizio. Nikarekodi nyingine, nayo ikamtaja Bakari mapema mno. Nikafuta. Mwisho nikaandika tu. Saumu, ni kweli. Baba amefariki. Nilikuficha na nilijua nakuficha. Nisamehe.

Ameusoma.

Jumatatu, 22 Septemba

Amepiga leo, asubuhi, siku isiyo yake. Nilipokea na kamera ikiwa wazi.

Alinitazama kwa muda mrefu. Nguo, ushungi, uso. Mimi pia nilimtazama. Amekonda. Hakusalimia. Akauliza lini, nikamwambia. Akauliza vipi, nikamwambia. Alikuwa dukani anaziba pancha ya baiskeli ya mteja, akasema anasikia joto, akaketi chini, akaegemea ukuta. Nilipofika walikuwa wameshamfunika kwa shuka ya mtu. Akauliza kama alisema lolote kwa ajili yake. Nikamwambia ukweli. Hakusema. Hakupata nafasi.

Akauliza nani alimwosha, nikamtajia. Nani aliingia kaburini. Nikamtajia. Kama mvua ilikuwa yanyesha. Ilikuwa yanyesha.

Kisha akasema, "Zile salamu zake ulizokuwa waniletea. Zilikuwa za nani?"

Nikasema, "Zangu."

Aliilaza simu, nikawa naona dari ya nyumba ya watu, nyeupe, na taa iliyowaka mchana. Nikasikia maji ya bomba na vyombo vyagongana. Nikamsikia akilia juu ya vyombo, polepole, kama anayeogopa kusikika. Nilimwita mara moja, nikaacha. Rukia alichungulia mlangoni akarudi zake.

Niliendelea kuitazama dari ile mpaka maji yakafungwa. Uso wake ukarudi, umeoshwa. Akasema madamu ameamka. Akakata yeye.